CHAI ZA MITISHAMBA NA DAWA ZA KUTULIZA MAUMIVU
Maelezo kwa watumishi na wananchi wanaosafiri Mikoa ya Mbeya na Iringa

WATUMISHI wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kwamba chai ya mitishamba inayonywewa kwa ajili ya kutibu maumivu ni dawa, na inapotumiwa pamoja na vidonge vya kutuliza maumivu inatakiwa ihesabiwe kuwa ni dawa ya pili. Maelezo haya yanafafanua ni mchanganyiko upi hauna madhara, upi unahitaji tahadhari, na upi unafaa kuepukwa kabisa.

1. SABABU YA MAELEZO HAYA

Kila mwaka watu wengi wa Visiwani huenda katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania Bara. Wamo watumishi wanaohudhuria semina na mafunzo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichopo Iringa, na wafanyabiashara wanaofuata mchele wa Kyela na Mbarali, viazi na maharage.

Safari hiyo ni ndefu. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni karibu kilomita 500, na hadi Mbeya zinazidi kilomita 800. Msafiri hukaa ndani ya basi siku nzima, na anapoteremka hukuta hali ya hewa asiyoizoea. Mji wa Iringa na Jiji la Mbeya yote imo katika mwinuko unaozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti baridi ya usiku huwa kali, hasa Mufindi na katika milima ya Rungwe. Mtu aliyezoea joto la pwani hupatwa na mafua, maumivu ya kichwa, maumivu ya mgongo, na kukaza kwa magoti na viungo.

Wenyeji wa mikoa hiyo ni wakarimu, na jambo la mwanzo analopewa mgeni anayetetemeka ni kikombe cha moto: chai ya majani ya Mufindi au ya Rungwe iliyotiwa tangawizi, au mchaichai, au majani mengine yaliyochemshwa. Wakati huo huo mgeni huwa amekwisha kununua vidonge katika duka la dawa. Hapo ndipo vitu viwili vinapokutana ndani ya mwili mmoja, na mara nyingi si mwenyeji wala muuza dawa anayejua kuhusu kile kilichotolewa na mwenziwe.

Jambo hili lilienea zaidi wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19. Mwaka 2020 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ilitengeneza dawa ya mitishamba iliyopewa jina la NIMRCAF. Mwezi Februari 2021 Waziri wa Afya wa Tanzania wa wakati huo, Dk. Dorothy Gwajima, aliwaonesha waandishi wa habari kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimao na pilipili. Kaya nyingi, Bara na Visiwani, zilianza kunywa vinywaji vya namna hiyo kila siku na kujifukiza nyungu, na nyingine zimebaki na desturi hiyo hadi leo.

2. AINA ZA DAWA ZA KUTULIZA MAUMIVU

Dawa za maumivu zinazonunuliwa kwa wingi ni za makundi mawili, na madhara yao hayafanani.

Kundi la kwanza ni parasetamoli. Dawa hii hupunguza maumivu na homa, na haichubui tumbo. Hatari yake imo katika ini, pale inapozidi kipimo. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na baina ya dozi moja na nyingine zipite saa zisizopungua 4. Ifahamike kwamba dawa nyingi za mafua, za maji na za vidonge, nazo zina parasetamoli ndani yake. Anayemeza vidonge viwili vya parasetamoli na kisha akanywa dawa ya mafua huenda amekwisha kumeza dozi mbili bila ya kujua.

Kundi la pili ni aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Dawa hizi hupunguza maumivu pamoja na uvimbe. Hata hivyo, huweza kuchubua utando wa tumbo na kuleta vidonda, hupunguza damu inayofika kwenye figo, na hupunguza uwezo wa damu kuganda. Aspirini ndiyo inayozuia zaidi kuganda kwa damu, na athari yake hudumu siku kadhaa baada ya kumeza kidonge kimoja.

Inafaa ikumbukwe kwamba aspirini yenyewe ina asili ya mitishamba. Gome la mti wa willow lilitumiwa kwa maumivu huko Ulaya kwa karne nyingi, na mwaka 1897 mkemia Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, alitengeneza aspirini katika hali safi kutokana na kemikali yenye asili moja na ile ya gome hilo. Kwa hiyo hakuna ukuta baina ya dawa ya majani na dawa ya hospitali. Zote ni kemikali, zote hupita katika ini na figo zile zile.

3. CHAI ZINAZOTUMIKA NA HALI ZAKE

(a) Chai ya kawaida. Zao la chai lina historia ndefu katika Nyanda za Juu Kusini, na mashamba ya Mufindi na Rungwe yanajulikana nchini kote. Chai hii haina ugomvi na parasetamoli. Lakini baadhi ya vidonge vya kichwa vimechanganywa na kafeini, ambayo imo pia katika chai na kahawa. Anayemeza vidonge hivyo na kunywa vikombe vingi huweza kupatwa na mapigo ya moyo ya kasi, kutetemeka mikono na kukosa usingizi.

(b) Mchaichai. Kikombe cha mchaichai kinachonywewa kama kinywaji hakijulikani kuleta madhara kikitumiwa na dawa za maumivu kwa kipimo chake.

(c) Tangawizi, kitunguu thomu na manjano. Viungo hivi vitatu vina uwezo kiasi wa kupunguza kuganda kwa damu. Kiasi kinachotiwa katika chai au mchuzi ni kidogo na hakimdhuru mtu mwenye afya. Hali hubadilika mtu anapotwanga tangawizi au thomu kwa wingi na kunywa maji yake mara kadhaa kwa siku kama dawa, huku akimeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki. Hapo mambo mawili yanayozuia damu kuganda hukutana, na hatari ya kutokwa na damu tumboni huongezeka. Kwa anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mchanganyiko huo usifanywe bila ya idhini ya daktari. Anayesubiri upasuaji aache dawa za namna hii wiki moja hadi mbili kabla, na amweleze daktari wake.

(d) Karafuu. Zao hili la Visiwani limo katika vikombe vya Bara pia. Punje chache katika chai hazina tatizo. Mafuta ya karafuu ni jambo jingine. Kemikali kuu ya mafuta hayo, inayoitwa yujenoli, hutuliza maumivu ya jino ikipakwa kwa kiasi kidogo sana, lakini ikimezwa huharibu ini kwa njia inayofanana na ile ya parasetamoli iliyozidi. Imethibitika katika hospitali za nchi mbalimbali kwamba watoto wadogo waliomeza mililita 5 hadi 10 za mafuta hayo walipoteza fahamu na maini yao yakaharibika. Baadhi yao walitibiwa kwa dawa ile ile inayotumika kuokoa walioathirika na parasetamoli. Kwa hiyo mafuta ya karafuu au ya makonyo yasitiwe katika chai, na yawekwe mbali na watoto.

(e) Choya. Kinywaji chekundu cha maua ya choya, kinachoitwa pia rozela, kinapendwa Bara na Visiwani. Watafiti wa Nigeria walichunguza kinywaji hiki kwa watu wazima wenye afya. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 walikuta kwamba parasetamoli iliondoka mwilini kwa haraka kidogo zaidi kwa waliokunywa choya. Katika uchunguzi mwingine wa mwaka 2007 kiasi cha diklofenaki kilichotoka kwa njia ya mkojo kilipungua. Idadi ya watu waliochunguzwa ilikuwa ndogo, na mabadiliko hayo hayamaanishi kuwa choya ni sumu. Yanaonesha tu kwamba kinywaji kinaweza kubadilisha mwendo wa dawa mwilini. Inashauriwa dawa imezwe kwa maji, na choya inywewe baada ya saa chache. Vile vile choya huteremsha shinikizo la damu, jambo ambalo anayetumia dawa za presha anatakiwa alizingatie.

(f) Sanamaki na mshubiri. Hizi ni dawa za kuharisha. Zikitumiwa kwa siku nyingi hupoteza maji na chumvi za mwili. Mtu aliyepungukiwa na maji na kisha akameza ibuprofeni au diklofenaki huzitia figo zake katika hatari kubwa. Mchanganyiko huu uepukwe.

(g) Mkaratusi. Miti hii imepandwa kwa wingi katika Mbeya na Iringa, na majani yake hutumika katika kujifukiza, pamoja na majani ya mlimao, mpera na mchaichai. Mvuke huo haugongani na vidonge, ila sufuria ya maji ya moto imekwisha kuwaunguza watu, hasa watoto. Mafuta ya mkaratusi yasinywewe kabisa. Kiasi kidogo tu huweza kumletea mtoto degedege na kupoteza fahamu.

4. INI NA AKIBA YAKE

Ni vyema kila mtu afahamu kwa nini parasetamoli, dawa inayoaminiwa kuliko zote, huweza kuua inapozidi.

Sehemu kubwa ya parasetamoli hugeuzwa na ini kuwa kitu kisicho na madhara na hutoka kwa njia ya mkojo. Sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu. Ini lina akiba ya kemikali ya kinga, iitwayo glutathioni, inayoifuta sumu hiyo mara moja. Akiba hiyo inapotosha, mtu hapati madhara. Inapokwisha, sumu huanza kuziua chembe za ini lenyewe.

Mambo yanayopunguza akiba hiyo yanajulikana. La kwanza ni dozi kubwa. La pili ni kukaa siku kadhaa bila ya kula, kama inavyotokea kwa mgonjwa aliyekosa hamu ya chakula. La tatu ni ulevi wa muda mrefu. Huko Iringa pombe ya ulanzi, inayogemwa kutoka katika mianzi, hupatikana kwa wingi wakati wa mvua, na wako wanaoinywa kutwa na kumeza vidonge vya kichwa asubuhi yake. La nne ni baadhi ya mimea yenyewe. Nchini Afrika ya Kusini mzizi unaoitwa impila umesababisha vifo vingi kwa kuharibu ini na figo, na uchunguzi wa maabara umeonesha kwamba mzizi huo humaliza akiba hiyo hiyo ya glutathioni.

Hatari kubwa ya sumu hii ni kwamba haijitangazi. Katika saa 24 za mwanzo mtu huweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi chochote. Maumivu ya upande wa kulia wa tumbo na manjano ya macho huja siku ya pili au ya tatu, wakati ini limekwisha kuumia. Dawa ya kuokoa ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi inapotolewa ndani ya saa 8. Kwa sababu hiyo, aliyezidisha parasetamoli apelekwe hospitali hata kama anajiona mzima.

5. UNGA NA CHUPA ZISIZOJULIKANA

Chai iliyochumwa bustanini na kuchemshwa mbele ya macho ya mnywaji ni jambo moja. Unga ulioko katika mfuko usio na maandishi, au chupa ya dawa ya viungo inayouzwa stendi ya mabasi na mnadani, ni jambo jingine.

Mahali pengi duniani imegundulika kwamba dawa zinazoitwa za mitishamba huchanganywa kwa siri na dawa za hospitali ili mnunuzi apate nafuu ya haraka. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wake mara kadhaa kuhusu bidhaa zenye jina la Artri King, zilizouzwa kama virutubisho vya asili kwa maumivu ya viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethazoni, ambazo hazikuandikwa katika kibandiko. Mamlaka hiyo ilipokea taarifa za watu walioharibika ini, na za vifo.

Somo lake ni wazi. Mtu anayekunywa unga wa namna hiyo na kumeza diklofenaki ya dukani huwa anameza dozi mbili za dawa moja. Tena, anayetumia deksamethazoni kwa wiki nyingi bila ya kujua, kisha akaacha kwa ghafla, huweza kuzimia na hata kufa, kwa kuwa mwili wake umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Dawa ya majani inayoondoa maumivu ya magoti ya miaka mingi kwa siku moja inafaa kutiliwa shaka zaidi kuliko kusifiwa.

Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002, iliyoanzisha Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zao. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ina ofisi ya kanda Mbeya. Kwa upande wa Zanzibar, Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA) ndio wenye dhamana ya dawa zinazoingia na kuuzwa Visiwani. Mwananchi anayo haki ya kumuuliza muuzaji kama dawa yake imesajiliwa, na anayo haki ya kutonunua.

6. HOMA BAADA YA SAFARI

Jambo hili linawahusu wakaazi wa Visiwani kuliko wengine. Zanzibar imefanya kazi kubwa ya kupambana na malaria, na tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 kiwango cha maambukizi kwa miaka mingi kimekuwa chini ya asilimia 1. Wagonjwa wengi wanaogunduliwa huwa wametoka safari ya Bara.

Sehemu za juu za Mbeya na Iringa zina malaria kidogo kwa sababu ya baridi. Lakini mfanyabiashara wa mchele hafanyi kazi yake juu mlimani. Huteremka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na Mbarali katika bonde la Usangu, ambako kuna joto, maji na mbu. Huumwa na mbu huko, hupanda tena Mbeya, hurudi Dar es Salaam na kuvuka kuja Unguja. Vimelea huchukua siku 7 hadi 14, na pengine zaidi, kabla ya homa kutokea. Homa humkuta nyumbani, naye hudhani ni uchovu na baridi aliyotoka nayo. Parasetamoli huiteremsha homa, chai ya tangawizi humfanya ajisikie vizuri, na siku tatu au nne hupita bila ya kipimo. Katika siku hizo malaria huweza kufika kichwani, na mbu wa nyumbani kwake huweza kuichukua na kuwapelekea majirani.

Kadhalika, wapo wanaopata homa ya dengi wanapopita Dar es Salaam, mji uliokumbwa na milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Dengi huweza kuleta kutokwa na damu. Kwa hiyo mwenye homa ambayo haijapimwa asimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, na asinywe thomu au tangawizi kwa wingi kama dawa. Parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo inayofaa, pamoja na maji ya kutosha, wakati akielekea kituo cha afya.

7. WANAOTAKIWA KUCHUKUA TAHADHARI ZAIDI

Mfano unaweza kusaidia. Mtumishi wa miaka 55 anatumia vidonge vya presha, kimoja kikiwa cha kuongeza mkojo. Anakwenda Mbeya kwa semina ya siku tano. Magoti yanamuuma kwa baridi, ananunua diklofenaki na kumeza mara tatu kwa siku. Chakula kimembadilikia na hapati choo, anapewa chai ya sanamaki. Kwa kuwa kuna baridi hahisi kiu, na maji anakunywa kidogo. Kila kitu kati ya hivyo, peke yake, kinaonekana ni kidogo. Vikikutana, figo hukosa damu na maji kwa wakati mmoja, presha hupanda, na mtu huyo huweza kurudi nyumbani akiwa ni mgonjwa wa figo. Kilichotakiwa kilikuwa ni parasetamoli, nguo za joto, maji ya kunywa, na kumuuliza mtaalamu wa dawa.

Wengine ni hawa:

– Wajawazito. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ya maumivu zisitumiwe kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito bila ya amri ya daktari, kwani huweza kuathiri figo na moyo wa mtoto. Dawa za majani za kuongeza uchungu zisinywewe kabisa. Zikikutana na dawa za hospitali za uchungu, mfuko wa uzazi huweza kupasuka.

– Watoto. Aspirini isipewe mtoto mwenye homa. Chai ya mitishamba ya kutibu asipewe mtoto mchanga.

– Wenye vidonda vya tumbo, pumu, kisukari, maradhi ya ini, figo au moyo.

– Wazee wanaotumia dawa zaidi ya tatu kwa siku.

8. MAMBO YA KUFUATA

(i) Chai inywewe kama kinywaji. Inapogeuzwa dawa, itumike moja tu kwa wakati mmoja, inayojulikana jina lake.

(ii) Dawa ya maumivu imezwe kwa maji, na zile za kundi la pili zimezwe baada ya chakula.

(iii) Dawa mbili za kundi la pili zisitumiwe pamoja. Ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu. Kuzichanganya huongeza madhara bila ya kuongeza faida.

(iv) Vidonge vihesabiwe na saa iandikwe. Maumivu yanayoendelea zaidi ya siku tatu kwa homa, au siku tano kwa viungo, yapelekwe kwa mganga wa hospitali.

(v) Anayefika kituo cha afya au katika Duka la Dawa Muhimu aseme bila ya haya kila alichokunywa, ikiwa ni pamoja na majani, unga na pombe. Mhudumu wa afya hatakiwi kumkebehi mgonjwa kwa kutumia mitishamba, kwa sababu mgonjwa aliyekebehiwa leo atanyamaza kesho.

(vi) Zawadi za dawa za unga kutoka Bara zisigawiwe kwa wazee na wajawazito nyumbani bila ya kujulikana ni nini.

(vii) Aliyerudi safari ya Bara na akapata homa ndani ya mwezi mmoja apime malaria siku hiyo hiyo.

9. DALILI ZA HATARI

Mtu apelekwe hospitali mara moja anapoonekana na mojawapo ya dalili hizi: choo cheusi kama lami au chenye damu; kutapika damu au kitu kinachofanana na unga wa kahawa; macho kuwa ya manjano; mkojo kuwa mweusi au kupungua sana; kuvimba uso na miguu; kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida; na vipele vinavyoambatana na kupumua kwa shida. Mfuko wa majani, chupa ya dawa na pakiti za vidonge vichukuliwe pamoja na mgonjwa, ili daktari aone kilichotumika.

Chai ya tangawizi ya Iringa na mchaichai wa Mbeya havikatazwi, na mgeni hana sababu ya kukataa kikombe anachokaribishwa. Kinachotakiwa ni kila mtu ajue alichokunywa, ajue alichomeza, na aweze kuvitaja vyote viwili atakapoulizwa. Wakuu wa idara na walimu wakuu wa skuli wanaombwa kuyasoma maelezo haya mbele ya watumishi wao, hasa kabla ya safari za miezi ya baridi.